Ile tatu iliyopanda juu

Niko Urambo, kwa Mtemi Mirambo. Nimekuja mara moja kuwaona wazee, na katika kupekua kabati nimekutana na mtihani wangu wa hesabu wa kidato cha pili. Nimecheka, ingawa siku ile sikucheka.

Swali la 1 lilikuwa jedwali la y = 6/x. Safu ya x: 1, 2, 3, 4. Safu ya y: 6, 3, 2, na mwisho tatu juu ya mbili, yaani moja na nusu. Kazi yetu ilikuwa kuchora grafu tu. Mtihani ulipigwa taipu kwenye stensili. Mpigaji alipiga ile 3 juu kidogo ya mstari, akasogeza karatasi, akapiga 2 chini. Kistari cha katikati hakikutoka. Basi 3 ikakaa chini ya 4, na ile 2 ikaonekana kama namba ya swali linalofuata! Grafu yangu ikashuka mpaka 2, halafu ikapanda hadi 3. Sifuri.

Baada ya kuingia kwenye kazi hii ya magazeti ndipo nikajua kwamba tatizo hilo ni la zamani. Mkoa wetu wa Tabora si mgeni wa uchapaji. Pale Kipalapala palikuwa na kiwanda cha Wakatoliki cha TMP, yaani Tanganyika Mission Press. Enzi za herufi za risasi, fundi alipokutana na sehemu alipanga kiasi, kistari na asili kimoja kimoja, kisha akajaza vipande vya risasi juu na chini mpaka kistari kilingane na alama ya = iliyo pembeni. Ilikuwa kazi ya polepole na ya gharama. Miaka ya 1950 kampuni ya Monotype ya Uingereza ilileta mfumo wa mashine wa kupunguza kazi hiyo ya mkono.

Mwaka 1977 profesa Donald Knuth wa Marekani aliletewa kurasa za majaribio za kitabu chake, zilizopangwa kwa mitambo mipya ya picha. Hakuzipenda hata kidogo. Akaamua kutunga programu yake mwenyewe, TeX, iliyotoka 1978. Humo aliingiza ujuzi wa wale mafundi: kila mstari wa hesabu una mhimili wake, na kistari cha sehemu hukaa hapo pamoja na =, + na −.

Hapo ndipo wengi tunakosea hadi leo. Ukiiambia kompyuta iweke kila kitu katikati ya kisanduku, inapima urefu wote na kuugawa mara mbili. Asili ikiwa ndefu kuliko kiasi, kistari kinapanda na kuacha namba za jirani. Ni kama mzega wa maji: ndoo zinaweza kutofautiana, lakini mti hukaa begani. Linganisha mistari kwanza, kisha ongeza nafasi juu na chini ili namba zisiguse mipaka ya jedwali.

Walimu mnaotunga mitihani, chapeni nakala moja kwanza, mpeni mtu asiyejua jibu aisome. Kuna mtoto atakayechora kile anachokiona.