KITANZI CHENYE UTAMBI: WANAWAKE WALISEMA WANAUMWA, WAKAAMBIWA NI MAWAZO

Kaa asubuhi moja tu kwenye benchi la kliniki ya uzazi wa mpango, utazisikia zote. Kitanzi kinapanda mpaka kwenye moyo. Kitanzi kinamchoma mume. Kuna mtoto alizaliwa amekishika mkononi. Nesi akitokeza kichwa mlangoni wote kimya, akirudi ndani stori inaendelea pale pale ilipoishia.

Hiyo ya moyoni haiwezekani, kutoka kwenye kizazi hakuna barabara ya kwenda huko. Lakini usicheke haraka. Iko stori moja ya kitanzi ambayo haikuhitaji kutiwa chumvi hata kidogo. Ilitokea Marekani miaka ya 1970, ikaua wanawake, ikawanyima wengine uzazi kabla hawajafika miaka thelathini, na chanzo chake kikubwa kilikuwa kitu kidogo sana. Uzi.

Tuanze nyuma kidogo. Wazo la kuweka kitu kwenye kizazi ili kuzuia mimba ni la zamani, mpaka kuna hadithi ya wasafirishaji wa jangwani eti walikuwa wanawawekea ngamia majike vijiwe ili wasibebe mimba safarini (hadithi tu, lakini inapendwa kweli). Miaka ya 1920 daktari mmoja wa Berlin alitengeneza pete ndogo ya kuweka kwenye kizazi, akaifanyia kazi kwa uzi wa hariri na baadaye nyaya za fedha. Wenzake wengi walimpinga wakihofia maambukizi. Alikuwa Myahudi, utawala wa Hitler ukamfunga, mwishowe akakimbilia Marekani. Huyo ndiye ambaye herufi ya kwanza ya jina lake la ukoo imebaki kwenye ile sehemu ya mwili wa mwanamke inayoitwa G. Ndiyo, huyo huyo.

Mwaka 1962 kikaja kitanzi cha plastiki kilichopindwapindwa kama nyoka, kutoka kwa daktari wa Buffalo, New York. Hicho ndicho kilicholeta neno lupu, ambalo kina mama wa makamo wanalitumia mpaka leo. Kilileta hedhi nzito kwa baadhi na wengine kiliwatoka, ila kiliwasaidia wengi. Uzi wake ulikuwa wa kawaida, nyuzi imara kama ya kuvulia samaki.

Sasa njoo Januari 1970. Bunge la Seneti la Marekani lilikuwa linasikiliza ushahidi kuhusu hatari za vidonge vya kuzuia mimba. Vidonge vya enzi hizo vilikuwa na homoni nyingi mno, wanawake walikuwa wanapata damu kuganda na wengine walikufa. Mmoja wa mashahidi alikuwa daktari bingwa wa wanawake kutoka chuo kikuu maarufu cha Baltimore. Akavichana vidonge vile kweli kweli, akasifia vitanzi vya kisasa. Alipoulizwa kama ana maslahi ya kibiashara kwenye kitanzi chochote, akasema hana.

Kumbe alikuwa nayo. Kitanzi kinachoitwa Dalkon Shield alikibuni yeye na fundi mmoja, na kwenye kampuni iliyokimiliki alikuwa na asilimia 35.

Mwezi uliofuata akachapisha utafiti kwenye jarida kubwa la madaktari: wanawake 640, mimba asilimia 1.1 tu. Namba tamu kama vidonge, bila homoni. Kwa nini mtu akatae? Ila ukiusoma vizuri ule utafiti, wanawake wale kwa wastani walikuwa wametumia kitanzi kwa muda usiofika miezi sita. Na wengine walikuwa wameshauriwa watumie pia povu la kuua mbegu. Yaani unapima mwavuli huku umesimama ndani ya nyumba.

Juni 1970 kampuni ya A.H. Robins ya Richmond, Virginia ikakinunua kwa dola 750,000 pamoja na asilimia ya mauzo. Robins walijulikana kwa dawa ya kikohozi ya Robitussin na mafuta ya midomo ya ChapStick. Uzazi wa mpango hawakuwahi kuugusa. Vitanzi vikaanza kuunganishwa kwenye kiwanda kile kile cha mafuta ya midomo, na Januari 1971 vikawa sokoni. Hakuna aliyewazuia, maana sheria ya wakati huo ililazimisha dawa ipimwe kabla ya kuuzwa lakini kifaa hapana. Na kitanzi cha plastiki kilihesabiwa kifaa.

Kwa umbo kilikuwa kama mdudu. Kidogo kama sarafu, bapa, kina jicho moja kubwa na miguu midogo pembeni iliyoelekea chini. Miguu ile ilikuwa ya kukishikilia kisitoke, na kweli kilikuwa kigumu kutoka. Ila kitu chenye miguu kikiingizwa kwenye mlango wa kizazi cha msichana ambaye hajawahi kuzaa, huwezi kusema ni kama kung'atwa na mbu. Na matangazo yaliwalenga hao hao wasichana. Kuna waliozimia mezani. Daktari mmoja aliiandikia kampuni baada ya kuweka vitanzi kumi akasema hajawahi kuona wanawake wakitendewa jambo la kuumiza namna ile. Barua yake ilipokelewa, biashara ikaendelea.

Hapa ndipo uzi unapoingia. Kwa sababu kitanzi kiling'ang'ania, uzi wa kukivutia ulitakiwa uwe na nguvu. Wakatumia uzi wa aina nyingine kabisa: mamia ya nyuzinyuzi zimefungwa pamoja ndani ya gamba la nailoni, huku ncha zake zikiwa wazi. Aliyekulia nyumba yenye koroboi anajua utambi unavyofanya kazi. Unachovya upande mmoja kwenye mafuta, yanapanda yenyewe mpaka juu. Uzi huu ulining'inia ukeni, ambako bakteria wapo siku zote na hawana ubaya wakibaki huko. Ncha nyingine ilikuwa ndani ya kizazi, ambako hawatakiwi. Ute wa mlango wa kizazi, ambao kazi yake ni kuwazuia wasipite, ukawa hauna maana tena. Wao walipita ndani ya bomba.

Na hili halikugunduliwa baadaye sana na wanasayansi wenye maabara kubwa. Mwaka 1971 msimamizi mmoja wa ubora kwenye kile kiwanda cha mafuta ya midomo alichukua nyuzi, akachovya ncha kwenye maji, akaziacha. Baadaye akakamua upande mwingine, maji yakatoka. Akapendekeza ncha ziunguzwe kwa moto ili zizibwe, jambo la sekunde chache. Akaambiwa si kazi yake.

Huku nje, wanawake wakaanza kurudi kwa madaktari. Tumbo chini ya kitovu linauma wiki nzima. Homa inayokuja na kuondoka. Damu siku kumi na mbili. Majimaji yenye harufu. Kwa mwanamke yeyote hiyo ni lugha inayoeleweka, ila waliokuwa wanasikiliza walikuwa na majibu tayari: utazoea, una wasiwasi mwingi, labda una wanaume wengi. Kuna waliopewa dawa za kutuliza mawazo wakarudishwa nyumbani na usaha kwenye mirija. Miezi au miaka baadaye wanaingizwa chumba cha upasuaji, wanaamka hawana kizazi.

Mbaya zaidi ilikuwa kwa waliopata mimba kitanzi kikiwa ndani, na walikuwa wengi kuliko ile asilimia 1.1. Ushauri wa wakati ule ulikuwa kukiacha. Mimba inakua, kizazi kinapanda, uzi unavutwa juu pamoja na bakteria wake. Mwezi wa nne au wa tano mwanamke anaanza kujisikia kama ana mafua. Anameza panadoli, analala. Ndani ya siku chache maambukizi yameshasambaa kwenye damu. Nchini Marekani vifo vilivyohusishwa na kitanzi hiki vilifika angalau 18.

Juni 1972 daktari wa mji mdogo Ohio, ambaye mwenyewe alikuwa na hisa kwenye biashara ya kitanzi hiki, aliionya kampuni kwamba wajawazito wake wanapata maambukizi makali na kitanzi kitolewe mara mimba inapojulikana. Mtu anayefaidika na mauzo anakuambia bidhaa ina hatari, unasubiri nini? Walisubiri karibu miaka miwili. Barua ya kuwatahadharisha madaktari ilitoka Mei 1974, baada ya daktari mwingine wa Arizona kuanza kukusanya habari za wajawazito waliokufa. Juni hiyo hiyo, kwa ombi la mamlaka ya chakula na dawa, FDA, mauzo ya Marekani yakasimama.

Mauzo tu. Waliokuwa nacho tumboni hawakuitwa. Karibu vitanzi milioni 2.2 vilikuwa vimewekwa Marekani peke yake, na kwa dunia nzima vilivyosambazwa vilikaribia milioni 4.5, kwenye nchi zipatazo 80. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilinunua mamia ya maelfu kwa bei ya punguzo kwa ajili ya nchi maskini, vikiwa kwenye mafungu makubwa na havijatakaswa. Mwanamke wa Marekani alipata kilichofungwa kimoja kimoja na kutakaswa, wa kwingine akategemea nesi akiloweke kwenye dawa kwanza. Na nje ya Marekani mauzo yaliendelea mpaka 1975.

Mwaka huo ndio kesi ya kwanza iliyofika hukumuni ilisikilizwa Wichita, Kansas. Mama mmoja kijana alipata mimba kitanzi kikiwepo, kikatoboa kizazi chake. Raia waliokaa kuamua kesi walimpa dola 10,000 za fidia, kisha wakaongeza dola 75,000 za kuiadhibu kampuni. Miaka kadhaa baadaye wakili aliyekuwa akiitetea Robins alieleza kwa kiapo kwamba baada ya hukumu ile nyaraka za kampuni kuhusu uzi zilichomwa kwenye tanuru kwa amri ya wakubwa. Nakala chache alibaki nazo.

Kesi nyingine zikafuata kwa maelfu, na kampuni ikawa na mbinu yake. Mwanamke anakaa mbele ya mawakili, anaulizwa amelala na wanaume wangapi na majina yao. Akitoka chooni anajifuta kuelekea wapi. Anavaa chupi ya kitambaa gani. Wengine walifuta kesi wakaenda zao, maana nani anataka mume au mama mkwe asikie majibu hayo? Mpaka Februari 1984, jaji mmoja wa Minneapolis akawaita viongozi watatu wa kampuni mahakamani kwake, akawasomea uso kwa uso. Aliwaambia wamewashambulia wanawake kwa maisha yao ya faragha wakati kitanzi kiko bado ndani ya miili ya wengine, akawasihi wakiite kirudi. Kampuni ikamshtaki kwa mahakama ya juu, na mahakama ya juu ikaamuru maneno yake yafutwe kwenye kumbukumbu.

Lakini yalishachapishwa kwenye magazeti. Oktoba mwaka ule ule Robins wenyewe wakatangaza kwamba watalipia kila mwanamke atakayetaka kukitoa. Miaka kumi baada ya kuacha kukiuza.

Agosti 1985 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Ikawekwa tarehe ya mwisho ya madai, Aprili 30, 1986, na zaidi ya watu 300,000 wakaandika kutoka nchi mbalimbali. Mfuko wa fidia ulikuwa mkubwa, karibu dola bilioni 2.5, ila wengi waliolipwa waliishia kuchukua dola 725 au pungufu, kwa sababu kupata zaidi kulihitaji karatasi za hospitali. Sasa mwanamke aliyewekewa kwenye kliniki ya kijijini, ambaye hata boksi hakuonyeshwa, angezitoa wapi? Wengine hata jina la kitanzi chao hawakuwahi kulijua.

Hofu ikavibeba na vitanzi visivyo na kosa. Kufikia 1986 kampuni nyingi za Marekani ziliviondoa sokoni kwa kuogopa kesi, na miaka ya 1990 watumiaji wa kitanzi nchini humo walishuka chini ya asilimia 1 ya waliokuwa wanazuia mimba. Sheria nayo ilibadilika, tangu 1976 kifaa cha kuwekwa mwilini lazima kipimwe kwanza.

Kitanzi cha shaba chenye umbo la T, ambacho ndicho kinachowekwa sana siku hizi, kina mambo yake. Hedhi inaweza kuwa nzito na tumbo kuuma zaidi, hasa miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo, na wapo ambao mwili unakataa kabisa wanakitoa. Kinaweza kuchomoka. Hatari ya maambukizi ipo zaidi siku ishirini za kwanza, na inatokana na wadudu waliokuwepo wakati wa kuwekwa. Kikikubali, kinakaa miaka kumi na zaidi. Uzi wake ni mmoja, mzima, hauna tundu ndani.