Mabaharia Wasio na Majina: Bahari ya Kilwa Ndani ya Kiswahili Chako

Mtu akikuuliza "mambo?", ukajibu "shwari", umeshaingia baharini tayari. Shwari ni bahari iliyotulia, haina wimbi wala upepo wa kusumbua. Jamaa anayejisifu mtandaoni kwamba yeye ni baharia, ana totoz tatu Sinza na moja Mbezi, na yeye ametumia neno la watu waliokuwa wanalala juu ya mizigo miezi kadhaa bila kuona nyumbani. Aliyezamia harusi ya watu akala pilau ya bure amepewa jina la waliokuwa wanajificha ndani ya meli wafike Ulaya. Na kila Jumamosi mtangazaji wa mpira anataja "nahodha" wa Simba au wa Yanga, kumbe nahodha ni neno lenye asili ya Uajemi, maana yake mwenye chombo, bwana wa merikebu.

Hata mbali na maji ni hivyohivyo. Chukua Mitole, kata ya Wilaya ya Kilwa iliyoingia bara. Huko watu ni wa jembe, ukiamka asubuhi husikii wimbi. Lakini mkulima wa huko bei ya ufuta ikianguka atakwambia mambo yamekwenda mrama. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo, ubavu huu na ubavu huu, mpaka abiria wanaanza kusoma dua. Akikwama mjini hana nauli, amepwelewa, yaani maji yamekupwa na chombo kimebaki juu ya mchanga. Usukani, abiria, rubani, vyote vilianzia majini. Rubani wa zamani alikuwa mjuzi wa njia za bahari, ndege ilipokuja ikamchukua na jina lake.

Sasa swali ni hili: nani alitengeneza maneno haya? Hapo ndipo historia inapokuwa kimya.

Tuanze na Kilwa Kisiwani yenyewe, maana ipo kama kilomita 2 tu za maji kutoka Kilwa Masoko. Mji ule ulitajirika kwa hesabu ya upepo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, inasukuma vyombo kutoka Uarabuni na India kuja huku. Kusi inaingia Aprili na baadaye inavirudisha kwao. Chombo kilichotoka mbali kingeweza kufika Kilwa na kurudi ndani ya msimu mmoja. Kikitaka kwenda mpaka Sofala, kule Msumbiji ya leo ilikotoka dhahabu, msimu hautoshi. Kwa hiyo Kilwa ikakaa katikati, ikakusanya dhahabu na kuiuza. Ibn Battuta alipita mwaka 1331 akausifu mji.

Kuna kitabu cha zamani cha historia ya Kilwa kilichoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16. Kinasimulia vyombo saba vilivyotoka Shirazi na baba na wanawe sita, kimoja kikatua Kilwa, na kisiwa kikanunuliwa kwa nguo za kukizunguka chote. Wachimbaji wa mambo ya kale hawaichukui hadithi hiyo kama ilivyo, wanasema mji ulikua wenyewe kutoka kwa watu wa hapahapa waliochanganyika na wageni. Lakini angalia kitu kimoja. Baba ametajwa, wana wametajwa, na masultani waliofuata wamepangwa mmoja mmoja. Walioshika usukani wa vyombo saba hawapo. Na kali zaidi, hata mwandishi mwenyewe hakuacha jina! Anachotuambia ni lini alizaliwa, na ukihesabu inaangukia karibu na 1499. Nakala iliyobaki iliandikwa Zanzibar 1877, ikaenda na John Kirk, Mskochi aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza kwa Sultani, na leo iko London.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi akapewa mtu wa kumvusha mpaka India. Walitoka Aprili, Mei wakaiona nchi kavu upande wa pili. Safari hiyo iligeuza dunia, na miaka 7 baadaye ikailetea Kilwa mizinga, maana Wareno waliuteka mji na kuupora mwaka 1505. Je, aliyeonyesha njia ni nani? Kwa muda mrefu ilisemwa ni Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa bahari kutoka Uarabuni. Wasomi wengi sasa wanakataa. Waandishi wa Kireno walisema alikuwa mtu wa Gujarati, na mmoja wao akamwita "Malemo Caná". Soma tena hilo Malemo taratibu. Ni mwalimu! Ndivyo mjuzi wa njia za bahari alivyoitwa. Yaani walimsikia watu wakimwita mwalimu, wakaandika cheo wakidhani wameandika jina.

Ibn Majid naye ana chake, na hakihitaji kuongezewa chumvi. Alitunga shairi refu la njia ya kwenda Sofala, lenye nyota za kufuata, na Kilwa imo. Shairi lilikuwa ramani ya kichwani, kwa sababu karatasi inalowa. Upande wa Kiswahili, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi aliufananisha ulimwengu na bahari iliyochafuka. Baadaye sana, mwaka 1979, Adam Shafi akatoa Kuli, riwaya ya wapakua mizigo wa bandari ya Zanzibar. Hapo angalau mbeba gunia akapewa jina na nyumba na mama wa kumlilia.

Ila tusipambe sana. Karne ya 19 biashara ilihamia Kilwa Kivinje, na shehena kubwa ilikuwa binadamu. Misafara ilitoka huko Ziwa Nyasa, ikakatiza bara yote ya Kilwa, watu wamefungwa, wengine wamebebeshwa pembe za ndovu, mpaka ufukweni. Wengi walipakiwa kwenda Unguja na Pemba kwenye mashamba ya karafuu. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari, na biashara ikaendelea kwa magendo na kwa njia za nchi kavu. Mtu aliyeiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa na mnyororo shingoni hakuwa na sababu ya kusema shwari. Na baadhi ya mabaharia wa majahazi walikuwa watumwa wenyewe, wanapandisha tanga la bwana. Huyu naye ni baharia, kaka wa Sinza.

Hilo tanga nalo lina mambo yake. Zamani mitepe, vile vyombo vya kushonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, vilikuwa na tanga la mkeka. Na mtu akifa, pwani mpaka bara, watu wanakaa matanga. Ukizitamka huwezi kuzitofautisha.

Basi, hakuna mahali walipojiandika? Papo. Kwenye magofu ya Kilwa na ya Songo Mnara, ndani ya eneo ambalo UNESCO ililiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, kuna lipu za chokaa zilizokwaruzwa picha za vyombo kwa ncha kali. Mlingoti upo, kamba zipo, tanga lipo. Aliyechora alijua kamba ipi inafungwa wapi, huwezi kuyajua hayo ukiwa umekaa barazani tu. Watalii wengi wanapita wakipiga selfi na matao ya Msikiti Mkuu, wanaondoka bila kuziona. Mistari ni myembamba, inataka jua la pembeni la asubuhi au jioni, na lipu inazidi kudondoka kila masika.

Chini ya picha hizo hakuna jina.