Bao, Omweso na Kompyuta: Je, Kanuni Ndizo Mchezo?

Katika makala haya tumekusudia kulijadili swali ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la watoto, lakini kwa undani wake linatuhusu sana sisi walimu wa lugha. Mchezo uliozaliwa mezani au barazani unapohamishiwa katika kompyuta, tutajuaje kwamba umehamishwa vizuri? Je, uzuri wake ni kuzifuata kanuni zote pasipo kupunguza hata moja, au kuna jambo jingine? Wapenzi wa michezo ya kompyuta katika Ulaya na Marekani wamelibishania swali hili kwa miaka mingi. Sisi tulioko Jinja tunalo la kusema pia, kwani mchezo wetu wa kale nao sasa unabisha hodi katika mashine hiyo.

Na tuanze nyumbani. Omweso ni mchezo wa mbao yenye safu nne za mashimo manane manane, na mbegu 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili na mbegu 32, naye huzipanga atakavyo kabla ya vita kuanza. Hutawanya mbegu moja moja, na mbegu ya mwisho ikiangukia shimo la ndani lenye mbegu, nayo mashimo mawili ya adui yanayolikabili yakiwa na mbegu, basi huzichota zote na kuzitawanya upande wake. Yako mashimo ambayo kutoka kwayo mchezaji anaruhusiwa kurudi nyuma iwapo kwa kufanya hivyo atakula. Upo pia ushindi mkuu ambao Waganda huuita kukata vichwa viwili, yaani kula katika ncha zote mbili za mbao kwa zamu moja. Mchezo huu ulichezwa katika ikulu ya Kabaka, na ulichezwa vilevile chini ya miti na watu wasio na cheo chochote.

Bao la Kiswahili, ndugu yake wa pwani, lina safu nne na kete 64 vilevile, lakini lina mambo yake. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na kete 22 hubaki mkononi. Kwanza watu hunamua, yaani huingiza kete za mkononi moja moja. Zikiisha, mchezo huingia katika mtaji. Asiyeweza kula hutakata. Mtawanyo ukiishia katika nyumba yake, kuna wakati mchezaji huachiwa hiari ya kulala au kuendelea na safari. Msomaji atazame maneno haya: kunamua, mtaji, kutakata, nyumba, kulala, safari, kichwa, kimbi. Hii ni msamiati kamili wa fani, na aliyejifunza bao kwa wazee amejifunza na lugha yake.

Sasa mwanafunzi wa Jinja akifungua simu na kutafuta mchezo wa namna hii, mara nyingi atakutana na mbao yenye safu mbili za mashimo sita sita na ghala moja kila upande. Huo si omweso wala si bao. Ni mchezo uitwao Kalah, uliobuniwa na Mmarekani William Julius Champion mwaka 1940 kwa kuisahilisha michezo ya Afrika na Asia aliyokuwa amesoma habari zake. Hatumlaumu bwana huyo, kwa kuwa alitaka mchezo mwepesi na akaupata. Lakini mtoto anayeambiwa kwamba hilo ndilo bao la Kiafrika amepewa kivuli cha kitu, naye hana wa kumsahihisha. Hapa ndipo mjadala wa ubora unapoacha kuwa wa anasa.

Ili tulione jambo hili kwa uwazi, yafaa tusafiri kidogo tuitazame historia ya michezo mingine iliyotoka mezani. Mwaka 1824 afisa wa jeshi la Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, akiendeleza kazi ya baba yake, alitoa mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani. Hasara za kila upande zilipatikana kwa dadu na majedwali, na mwamuzi alisimama katikati. Majedwali yakawa mazito, mchezo ukawa wa polepole. Mwaka 1876 afisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, alipendekeza majedwali yawekwe kando na mwamuzi aamue kwa ujuzi wake wa vita. Tangu siku hizo, basi, pamekuwa na kambi mbili: ya wanaoamini jedwali na ya wanaomwamini mwamuzi.

Kutokana na ukoo huo wa michezo ya vita, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mwaka 1974 mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Ndani yake kila mchezaji hujivika nafsi ya mtu mwingine, awe askari, mchawi au mwizi, na mmoja wao huwa msimamizi anayesimulia ulimwengu wanamopita. Zipo kanuni nyingi, lipo na dadu la pande ishirini. Lakini roho ya mchezo ni msimamizi. Tuseme mchezaji ananena, "Nataka kumlainisha yule mlinzi kwa kumwimbia wimbo wa kwao." Hakuna kanuni ya wimbo huo kitabuni. Msimamizi hufikiri, humwambia arushe dadu, kisha husimulia lililotokea. Kanuni zimemsaidia, lakini aliyesikia nia ya mchezaji na kuipa jibu ni mtu.

Mwaka uliofuata, 1975, michezo ya aina hiyo ilikwisha kuandikwa katika mtambo wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois, mtambo uliowekwa, tafadhali tuangalie, kwa ajili ya kufundishia. Mmoja wa mwanzo, pedit5, ulifichwa chini ya jina la faili lisilo la mchezo, na wasimamizi wakaufuta. Kilichohamishwa kwa urahisi kilikuwa hesabu: nguvu za shujaa, majeraha yake, hazina aliyoiokota. Kompyuta hujumlisha upesi kuliko binadamu yeyote, wala haikosei. Aliyebaki nje ya mlango alikuwa msimamizi.

Historia iliyofuata, kwa maoni yetu, ni historia ya kutafuta namna ya kuziba pengo hilo. Mwaka 1988 kampuni ya SSI ilitoa Pool of Radiance, ambamo vita vilipiganwa kwa zamu kama mezani. Mwaka 1998 BioWare ya Kanada ilitoa Baldur's Gate. Humo watu wote husogea kwa wakati mmoja, na mchezaji huweza kuusimamisha mchezo ili atoe amri. Walioshika kanuni walinung'unika kwamba zamu zimefutwa. Wengine walifurahi kwamba safari imepata uhai. Mwaka 1999 ukaja Planescape: Torment, ambamo shujaa hafi kifo cha kawaida na mambo mengi makubwa huamuliwa kwa maneno kuliko kwa panga. Katika mchezo huo kanuni za vita zilisukumwa pembeni kwa makusudi, lakini wengi wanauhesabu kuwa miongoni mwa michezo bora ya jamii hii.

Kinyume chake kilionekana mwaka 2003. Kampuni ya Troika ilitoa The Temple of Elemental Evil, mchezo uliofuata kanuni za mezani kwa uaminifu mkubwa sana. Vita vyake vilisifiwa na wajuzi. Hata hivyo ulilaumiwa kwa hitilafu nyingi za programu na kwa hadithi nyembamba, watu wa humo wakiwa na machache ya kusema. Wanaoutetea husema, "Hakuna uliokuwa mwaminifu kuliko huu." Wanaoukosoa hujibu, "Ndiyo, lakini uaminifu kwa nini?" Sisi twaona kwamba jibu hili lina uzito. Ulikuwa mwaminifu kwa kitabu, lakini haukuwa mwaminifu kwa meza. Watengenezaji waliihamisha sehemu ya mchezo inayoandikika, wakasahau ile inayosemwa.

Mwaka 2023 Larian ya Ubelgiji ilitoa Baldur's Gate 3, nao ukapata sifa nyingi mno. Ulirudisha zamu, na dadu la pande ishirini likaonyeshwa waziwazi likibingirika mbele ya mchezaji. Lakini hatudhani kwamba dadu ndilo lililoupatia heshima. Watunzi wake walikaa wakajiuliza mchezaji anaweza kutaka nini mahali hapa: kuzungumza, kuiba, kuruka, kumsukuma mtu kutoka juu ya ukuta? Wakaandika majibu mengi kadiri walivyoweza. Msimamizi hakuwamo, lakini kazi yake ilikuwa imefanywa kabla.

Walimu wenzetu watatambua kwamba mabishano haya tunayajua kwa jina jingine: ni mabishano ya tafsiri. Mwalimu Julius Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar mwaka 1963, hakuridhika. Aliurudia na kuutoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 alitoa Mabepari wa Venisi. Neno "mabepari" silo linalopatikana kwa kufungua kamusi na kutafuta "mfanyabiashara". Alichagua, na uchaguzi wake umebishaniwa madarasani hadi leo. Mfasiri wa neno kwa neno anaweza kuwa sahihi katika kila mstari na bado akatupa maiti ya shairi. Mfasiri mzuri hujua neno gani lisiguswe na neno gani libadilike ili maana isife. Mtunzi wa mchezo wa kompyuta naye ni mfasiri, wala hawezi kuukwepa uchaguzi.

Tukirudi sasa kwenye mbao yetu, tutakuta kwamba wataalamu wamekwisha kuishughulikia. Alex de Voogt wa Uholanzi aliwachunguza mabingwa wa bao Zanzibar, akatoa utafiti wake mwaka 1995. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht waliandika juu ya kuitengenezea kompyuta programu ya bao. Mwaka 2002, huko Amsterdam, John Romein na Henri Bal waliutatua mchezo wa awari, wa jamii hiyohiyo, wenye mashimo 12 na mbegu 48. Kompyuta zilizipitia hali zaidi ya bilioni 889, ikajulikana kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Hiyo ni kazi ya kustaajabisha. Lakini imetuambia jinsi ya kutokosea. Haikutuambia jinsi ya kuwafanya watu wakae pamoja mchana kutwa.

Maana kuizunguka mbao ya omweso kuna wenye kuona. Wapo wanaohesabu kimoyomoyo, wapo wanaomcheka aliyejichanganya, na yupo mzee anayeamua ugomvi. Kuna mtawanyo unaoweza kuzunguka bila kikomo, mbegu zikienda na kurudi. Barazani mtu husema "basi", wakaelewana. Kompyuta haina aibu wala njaa. Isipoamriwa ni lini isimame, haitasimama. Kwa hiyo hata kanuni iliyo ngumu kuliko zote ina mahali ambapo lazima pawe na mtu.

Basi kipimo chetu ni hiki. Kanuni ni sharti la kwanza: anayezipunguza safu nne kuwa mbili hajahamisha omweso, bali ametengeneza mchezo mwingine, na aupe jina jingine. Lakini kanuni peke yake si mchezo. Sharti la pili ni kuuliza kazi ya mwamuzi, ya mzee na ya watazamaji itafanywa na nani ndani ya mashine, na kwa maneno gani. Programu ya bao isiyojua kunamua na kutakata, inayomwambia mchezaji kwa Kiingereza kwamba zamu yake imekwisha, imeangusha nusu ya mzigo njiani.

Kazi hiyo ya pili haiwezi kuachiwa waandishi wa programu peke yao. Wao wanajua mashine. Maneno yanajulikana na wazee wa Jinja, wa Mbale na wa pwani, na kuyakusanya ni kazi ya mwalimu wa lugha. Kiswahili kimekuwa somo katika mtaala mpya wa sekondari za chini nchini Uganda tangu 2020. Mwanafunzi akitumwa kwenda kumwuliza babu yake jina la kila shimo na kila mwendo katika omweso, kisha akatafuta jinsi ya kulisema kwa Kiswahili, atakuwa amefanya zoezi zuri la insha. Na siku kijana mmoja wa mji huu atakapoketi kuuandikia omweso programu iliyo kamili, atalikuta daftari hilo linamngoja.