Azimio la Cairo kuhusu mipaka (1964)

Azimio la Cairo ni uamuzi wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), uliopitishwa Julai 1964, ambamo wanachama waliahidi kuheshimu mipaka waliyoikuta walipopata uhuru. Hutajwa kila haki ya watu kujiamulia mambo yao inapogongana na haki ya dola kutomegwa ardhi yake.

Chimbuko
Hoja iliwasilishwa na Julius Nyerere, rais wa Tanzania ya leo. Algeria na Morocco zilikuwa zimepigania mpaka Oktoba 1963, na kaskazini mwa Kenya vita vya Shifta vilikuwa vimeanza: tume ya Waingereza ya 1962 ilikuta Wasomali wengi wa huko wakitaka kujiunga na Somalia, lakini matakwa yao hayakufuatwa. Somalia ililikataa azimio. Morocco nayo haikuliafiki.

Biafra
Mtihani mkubwa ulitokea Nigeria, ambako jimbo la mashariki lilijitangazia uhuru tarehe 30 Mei 1967. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Gabon, Côte d'Ivoire na Zambia zikafuata. Kwa hiyo mwenye hoja ya Cairo ndiye aliyetangulia kuitoboa. Nyerere alishikilia kwamba umoja wa nchi hujengwa kwa ridhaa, na kwamba Waigbo, walio wengi katika jimbo hilo, baada ya mauaji dhidi yao ya 1966, walikuwa na sababu ya kutoamini tena kwamba Nigeria ingewalinda. OAU ilibaki upande wa serikali ya Nigeria, na Biafra ikasalimu amri Januari 1970.

Hata hivyo hoja hiyo ya ridhaa haikuzikwa. Mwaka 1995, katika shauri kuhusu jimbo la Katanga dhidi ya Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikataa dai la uhuru kwa kukosa ushahidi wa ukiukaji mkubwa wa haki na wa watu kunyimwa nafasi serikalini. Ushahidi huo ungekuwapo ingekuwaje, haikusema.

Mahakamani
Mwaka 1986, katika kesi ya Burkina Faso na Mali, jopo la Mahakama ya Kimataifa ya Haki liliiita kanuni ya mipaka ya kurithi kanuni ya jumla ya sheria.

Nchi zilizofuata
Eritrea (1993) ilipata uhuru kwa mipaka ya koloni la Italia. Sudan Kusini (2011) ilijitenga na Sudan kwa kura iliyoridhiwa na serikali ya Khartoum. Somaliland, iliyojitenga na Somalia 1991, hudai mpaka wa koloni la Uingereza, yaani hutegemea azimio lilelile ambalo Somalia ililikataa.