OILI YA SHOKAPU ZA MBELE: JINSI YA KUBADILI MWENYEWE (WADAU WA BODABODA MSIPITE)



Leo sina habari ya siasa wala mpira, nina habari ya shokapu. Zile mvua za El Niño za 2023 na 2024 zilitukuta hapa Mlabani, pikipiki yangu ikalala kwenye maji siku mbili. Nikabadili oili ya injini, nikasafisha kabureta, nikajua nimemaliza kazi. Shokapu sikugusa...

Miezi mitatu baadaye natoka Lupiro, nimempakia mama mmoja na kiroba cha mchele. Tumeshavuka daraja la Magufuli, naingia upande wa Ifakara, mbele shimo. Nikakamata breki. Shokapu zikazama mpaka mwisho, KAA! chuma kwa chuma, usukani ukaniponyoka, tukaenda mtaroni. Mama goti lilichubuka, mimi mkono. Akajifuta vumbi, akaniambia: "Mwanangu, itengeneze kabla hujampakia mwingine." Maneno hayo mpaka leo yananiuma.

Tulipofungua, kilichotoka kilikuwa kama chai ya maziwa. Maji matupu na oili. Fundi akataka kuniwekea oili chakavu ya injini, nikakataa. Tangu hapo nafanya mwenyewe.

KWANINI OILI?
Ndani ya shokapu kuna springi na oili. Springi inabeba uzito, oili inapita kwenye matundu madogo na kuzuia springi isirukeruke. Oili ikiisha au ikiingia maji, tairi linadundadunda, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Zaidi ya hapo, sili ikivuja kwenye pikipiki ya breki ya diski, oili inaweza kufika kwenye pedi. Hapo breki huna.

DALILI
Mbele kunazama sana ukishika breki, kunagonga kwenye mashimo, au mguu wa shokapu una utando wa oili na tope lililoganda.

VIFAA
Spana, bisibisi, matambara, beseni, na oili ya shokapu. Pikipiki nyingi ndogo zinatumia 10W. Ukiikosa, ile oili ya gia za otomatiki yenye maandishi ATF inasaidia, hata Honda waliiandika kwenye vitabu vya pikipiki zao nyingi za zamani. Oili ya breki USIWEKE kabisa. Kwa kupimia mimi natumia chupa ya kunyonyeshea mtoto, ina alama za mililita. Ila wadau, chupa hiyo isirudi tena kwa mtoto!

KAZI YENYEWE
1. Weka pikipiki kwenye dabo stendi, sukumia kipande cha gogo chini ya injini, gurudumu la mbele lielee. Awepo mtu wa kushikilia.
2. Legeza bolti ya juu inayobana shokapu chini ya usukani, kisha legeza kidogo kifuniko cha juu cha shokapu. Fanya hivi kabla hujachomoa, ukishachomoa itakusumbua.
3. Toa waya wa breki, gurudumu na madigadi. Kama breki ni ya diski, toa kishikio cha pedi na ukifunge pembeni kwa kamba, kisining'inie kwenye mpira wake.
4. Legeza bolti za chini, zungusha shokapu huku ukivuta, itashuka.
5. Fungua kifuniko taratibu huku umekikandamiza. Springi inasukuma, kwahiyo USO UKAE MBALI. Chomoa springi, kumbuka upande gani ulikuwa juu.
6. Pindua kwenye beseni, sukuma na kuvuta mara kumi hivi, acha ichuruzike robo saa. Ikitoka na maji, suuza kwa oili mpya kidogo, mwaga tena.
7. Jaza. Nyingi za cc 100 hadi 150 zinachukua kati ya mililita 100 na 200 kila mguu. Kipimo halisi kiko kwenye kitabu cha pikipiki yako. Huna kitabu? Hapo ulipokaa cafe andika jina la pikipiki na mwaka wake, utakipata. Usifuate kiasi kilichotoka, maana labda nusu ilishavuja.
8. Pampu polepole mpaka hewa iishe. Kisha sukuma shokapu mpaka chini, springi ikiwa nje, tumbukiza spoki safi kama kijiti cha kupimia. Miguu yote miwili iwe SAWASAWA.
9. Rudisha kila kitu, shokapu zote zisimame kimo kimoja. Kaza, jaribu breki ukiwa umesimama, halafu zunguka mtaani bila abiria.

Kama sili inavuja, oili mpya peke yake ni kazi bure. Badili sili zote mbili. Na kama ile nondo inayong'aa ina vidonda vya kutu, sili mpya nayo haitadumu.

Kwa huku kwetu kwenye tope la mashamba ya mpunga, ushauri wangu ni mara moja kila mwaka, masika yakiisha, na mara moja tena kama pikipiki imezama. Oili chafu weka kwenye dumu, usimwage mtaroni. Mvua ikija inaenda Lumemo, na huko kuna watu wanachota maji.

Yule mama nilimpakia tena mwezi uliopita. Alikagua shokapu kwanza, ndipo akapanda.

Mwenye njia bora zaidi atumwagie hapa, tunajifunza wote. Nawasilisha.

Mdau, Mlabani