Tarehe ya Halua: Kutoka Oman hadi Pemba, na Kurudi

Kabla ya halua palikuwa na asali. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad, alisafiri kati ya Oman na kisiwa cha Qanbalu mwaka 916, na wataalamu wengi wanaona kisiwa hicho ndicho Pemba. Aliandika kuwa watu wa pwani hii ya Afrika Mashariki wanakula mtama, ndizi, nyama na asali. Ibn Battuta akaja mwaka 1331. Mogadishu alilishwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na Mombasa akaonja tunda dogo lenye kokwa, tamu sana, ambalo kwa maelezo yake ni zambarau hasa. Bwana yule alipenda kula na alipenda kuandika alichokula, lakini halua ya huku hakuitaja. Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Miwa basi tulikuwa nayo zamani. Ila muwa ni wa kutafuna, na halua inataka sukari ya kupimwa kwa ratili.

Waarabu wenyewe walikuwa wakipika halua za namna nyingi muda mrefu kabla ya hapo. Kitabu cha mapishi alichokiandika Muhammad bin Hasan al-Baghdadi mwaka 1226 kina mlango mzima wa vitu vitamu. Jina ni moja, vyakula ni vingi: Waturuki wana ya ufuta uliosagwa, Wahindi wana ya karoti na ya semolina. Yetu ni ile ya wanga, yenye kung'aa na kuvutika, na chimbuko lake ni Oman. Hata huko India ipo halua ya wanga ambayo watu wa Gujarati wanaiita ya Maskati mpaka leo, na Sri Lanka nako wanayo yenye jina hilohilo. Majahazi ya Maskati hayakuwa na njia moja.

Waomani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, lakini halua ilipata mji wake pale Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830. Mji ukajaa fedha ya karafuu, na watu wenye fedha wakataka kula kama walivyokula kwao. Kila kaskazi ilipovuma, bandari ilipokea sehemu ya sufuria: zafarani na lozi za Uajemi, iliki ya Malabar, samli ya Barawa na ya Sokotra, na maji ya waridi ya Jabal Akhdhar, ambayo hukenekwa mlimani wakati mawaridi yanapochanua, kati ya Machi na Mei, katika matanuri ya udongo yanayoyaachia harufu ya moshi.

Sukari ilikuwa karibu zaidi, na habari zake si za kusimulia kwa tabasamu. Kando ya mto Pangani kulikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu, na waliokata miwa ile, wakaikamua na kuichemsha usiku na mchana, walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, naye alikuwa mwenye shamba la miwa huko Pangani. Akanyongwa mji huohuo Desemba 1889. Tunamkumbuka kwa vita, na ni haki yake. Lakini anayesifu ukarimu wa mabaraza ya zamani, na sinia zake za halua, amtaje na yule aliyekuwa amesimama mbele ya sufuria la maji ya miwa bila ujira.

Halua yenyewe haina siri kubwa. Ina kazi kubwa. Kwa vipimo vya nyumbani, kikombe kimoja cha wanga huenda na vikombe vitatu vya sukari, maji tele, na samli isiyoonewa choyo. Oman wanga wa asili ni wa ngano. Huku mwambao wapishi waliugeukia muhogo, mgeni wa kutoka Amerika ya Kusini aliyekuwa amekwisha kuzoea udongo wetu. Muhogo humenywa, hukunwa, hutiwa maji na kukamuliwa kwa kitambaa; maji yale meupe huachwa yatulie mpaka wanga ukae chini, kisha humwagwa taratibu na ule unga ukaanikwa. Hapo ndipo halua ya Unguja na Pemba inapoachana na ya Nizwa. Nasi tukaongeza kungumanga, ambayo Mwomani hutia kwa haya, na tukapunguza zafarani kwa sababu ya bei.

Sufuria hupandishwa jikoni, sukari ikayeyuka, wanga uliokorogwa kwa maji baridi ukamiminwa polepole. Mwanzo ni maji tu, na mtoto anaweza kuyakoroga. Baada ya muda mfupi huwa uji, kisha uji unakuwa mzito na kuanza kumpiga mpishi mabegani. Mwiko wa wapishi wa dukani ni mrefu kama kasia, na wanapokezana, kwa sababu ukisimama kidogo tu chini kunashika, na halua iliyoshika chini hairekebishiki. Samli hutiwa kwa vipindi. Halua inainywa, inatiwa tena. Saa mbili hupita hivyo, pengine zaidi. Kisha huja dakika ambayo halua inaikataa samli: inaitema, inaachia kando za sufuria na kuviringika nzima pamoja na mwiko. Iliki na kungumanga huingia hapo, maji ya waridi mwisho kabisa. Ukibonyeza kwa kidole haikamati. Ikipoa, hukaa miezi bila kuharibika na bila friji, na ndiyo maana ilifaa safari za jahazi.

Kwa sababu ya uzito wa kazi hiyo, halua ilikuwa ya wanaume na ya duka, wakati kaimati, visheti, kashata, vibibi na mkate wa kumimina vilikuwa vya akina mama na vya nyumbani. Mgawanyo huo haukuwa wa haki. Visheti vyema vinataka mkono mwepesi kuliko halua, na hakuna aliyemjengea bi mkubwa wa mtaa wa Mkunazini, Unguja, duka la visheti. Hata hivyo halua ndiyo iliyopewa kiti cha mbele. Nikaha ikishafungwa msikitini, sinia hupita, kipande kimoja kwa mtu, na kahawa chungu nyuma yake.

Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliwatawanya wapishi na walaji. Baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, wengi wenye asili ya Oman walihamia Maskati, nao walikwenda na Kiswahili chao, vitumbua vyao na mazoea ya kungumanga. Huku nyuma mambo yalikuwa magumu. Zanzibar chakula cha kutoka nje kilibanwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania nzima ilipanga foleni kwa ajili ya sukari na sabuni. Mtu apataye kilo moja ya mgao haiwazi halua. Milango ya biashara ilipofunguliwa Zanzibar mwaka 1984, chini ya Ali Hassan Mwinyi, sukari ikarudi madukani, na sufuria zikarudi motoni.

Leo wengi wanatumia wanga wa mahindi wa paketi na jiko la gesi, na sioni ubaya wowote. Oman nako wanaosifia kuni za mgunga wanapungua. Ubaya ni rangi nyekundu ya kopo inayotiwa kuficha uchache wa zafarani, na mafuta ya mboga yanayoitwa samli. Kwa hiyo ukienda kununua, usitazame rangi. Omba kipande kidogo uonje, kisha sugua vidole: samli ya ng'ombe huacha harufu yake na mafuta ya kopo huacha utando. Na kama kipande kinakatika kama jeli badala ya kuvutika, muuzaji alichoka kukoroga mapema. Mshukuru, uende duka la pili.