Land Rover 109 na Ukuta wa Kreta: Gari Lililopitwa na Historia ya Karatu na Ngorongoro

Historia ya Ngorongoro imeandikwa mara nyingi kwa kufuata sheria za uhifadhi, visukuku vya Olduvai na maisha ya Wamaasai wanaochunga katika nyanda zake, lakini ni nadra kuandikwa kwa kufuata vyombo vilivyowafikisha watu huko, ingawa kreta yenyewe, yaani bonde la mviringo lililobaki baada ya mlima mkubwa wa volkano kuporomoka ndani kwa ndani, haikuweza kuwa mahali pa kutembelewa na watu wengi mpaka lilipopatikana gari la kuteremka ukuta wake asubuhi na kuupanda tena kabla ya jua kuzama. Kwa karibu miongo mitatu gari hilo lilikuwa Land Rover ndefu iliyojulikana kwa tarakimu 109, ambazo ni idadi ya inchi zinazotenganisha ekseli ya mbele na ya nyuma. Limesahauliwa kwa sababu lilikaa katikati ya vipindi viwili vyenye sifa zaidi: kabla yake yapo magari mafupi yaliyo wazi ya wawindaji na watafiti, ambayo picha za sinema zimeyapamba, na baada yake ipo Toyota Land Cruiser, ambayo leo ndiyo sura ya utalii wa Kaskazini.

Ukuta wa kreta ndio chanzo cha jambo hili lote. Ukingo wake uko zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari, sakafu iko chini yake kwa takriban meta 600, na eneo la sakafu hiyo linakaribia kilometa za mraba 260. Anayetoka Karatu, mji ulio kwenye kimo cha meta 1,500 hivi katika nchi ya Wairaqw, hupita mashamba ya kahawa na ngano, huingia katika lango la Lodoare, hupanda msitu wenye ukungu hadi ukingoni, na huko hukuta kwamba sehemu ngumu ya safari bado haijaanza, kwa kuwa njia za kuteremkia ni nyembamba, zina kona kali, na wakati wa mvua udongo wake huteleza. Mamlaka ya eneo la hifadhi, lililoanzishwa mwaka 1959 baada ya Ngorongoro kutenganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliruhusu kuteremka kwa magari yenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne tu, na kanuni hiyo moja ndiyo iliyoamua ni gari gani litaishi Ngorongoro na ni gari gani litabaki juu.

Land Rover ilioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, ikiwa ni kazi ya kampuni ya Rover ya Uingereza, ambayo baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikosa chuma cha kutosha na kwa hiyo ikaunda bodi kwa mabati ya aluminiamu, huku fremu ya chini ikibaki ya chuma. Gari la kwanza lilikuwa fupi, la inchi 80, lililokusudiwa mkulima wa Kiingereza, na halikufaa kubeba kundi la wageni pamoja na mizigo yao. Ile ya inchi 109 ilitoka katika miaka ya 1950, ikaboreshwa katika toleo la pili la mwaka 1958 na la tatu la mwaka 1971, na ikaendelea kuundwa hadi mwaka 1985. Umbo lake la stesheni wagoni, yaani gari lenye paa gumu na madirisha hadi nyuma, liliweza kuchukua watu 10 hadi 12, na nyingi kati ya zilizoletwa katika nchi za joto zilikuwa na paa la pili lililowekwa juu ya lile la kwanza kwa kuacha nafasi ya hewa katikati, ili jua lisiwachome waliomo ndani.

Namna gari hili lilivyofanya kazi katika mteremko inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa hapo ndipo thamani yake ilipo. Karibu na mti wa gia kulikuwa na viwiko viwili vidogo, kimoja chenye kirungu cha njano na kingine chenye kirungu chekundu. Cha njano kilipobonyezwa, nguvu ya injini iliongezwa kwenye magurudumu ya mbele. Cha rangi nyekundu kiliporudishwa nyuma, gari liliingia katika gia nzito, yaani mpangilio wa meno unaofanya magurudumu yazunguke polepole sana huku injini ikizunguka kama kawaida. Katika hali hiyo dereva aliteremka ukuta wa kreta katika gia ya kwanza au ya pili bila kukanyaga breki kila mara, kwa sababu injini yenyewe ilizuia mwendo, na hilo lilikuwa la lazima, maana breki za wakati huo zilikuwa za ngoma, zikipata moto hulegea. Kupanda kulikuwa na mtihani wake. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na nguvu za farasi zisizozidi 80 pale ilipopimwa karibu na usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya ukingoni huipunguzia injini ya aina hiyo takriban sehemu moja ya tano ya nguvu zake, hivyo gari lililojaa watu lilipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Zaidi ya hayo, katika matoleo yaliyotangulia lile la mwaka 1971, gia mbili za chini hazikuwa na kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno yake, na dereva alipaswa kukanyaga klachi mara mbili na kupandisha injini kidogo katikati ili gia iingie bila kulia. Huo ulikuwa ujuzi kamili, uliofundishwa na dereva mkubwa kwa utingo wake, na haukupatikana katika kitabu chochote.

Kabla ya miaka ya 1980 mgeni hakuja na gari hili kutoka Arusha au Nairobi. Alikuja kwa Volkswagen Kombi au kwa Peugeot, magari yanayovuta kwa magurudumu mawili tu, ambayo yalimudu barabara ya vumbi kutoka Makuyuni, kupitia Mto wa Mbu na ukuta wa Bonde la Ufa, hadi Karatu na hatimaye ukingoni. Huko yaliachwa, na mgeni alikodi Land Rover pamoja na dereva kwa nusu siku au siku nzima. Mpangilio huo ulifanya pawepo kundi la madereva wa kreta, watu waliojua kila kona ya mteremko na mahali faru anapolala, lakini ambao walikutana na mgeni kwa saa chache tu kisha wakamrudisha kwa dereva wake wa safari. Labda hiyo ndiyo sababu gari hili halikuingia katika kumbukumbu za wageni kwa jina. Peugeot ilipata bahati tofauti: mashindano ya Safari Rally, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliipa Peugeot 404 ushindi wa mwaka 1963 na tena wa miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966, na katika hiyo mitatu miwili ya kwanza ilipatikana kwa mkono wa Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam. Gari la ushindi hukumbukwa na taifa zima, ilhali gari la kuvusha watu hukumbukwa na walioliendesha na walioliendea chini kwa spana.

Mwezi Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na magari ya watalii yenye namba za Kenya yakazuiliwa upande wa Tanzania. Mpaka ulifunguliwa tena mwezi Novemba 1983. Katika kipindi hicho, ambacho kiliambatana na vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 na uhaba mkali wa fedha za kigeni, wageni waliokuwa wakiingia kutoka Nairobi walikatika, mafuta yalikuwa haba kiasi kwamba serikali ilizuia magari kutembea alasiri ya Jumapili, na vipuri havikuingia nchini isipokuwa kwa vibali vilivyochukua muda mrefu kupatikana. Wanahistoria wa utalii huvuka kipindi hiki haraka kwa sababu takwimu zake ni za huzuni. Kwa historia ya 109, hata hivyo, ndicho kipindi cha utajiri, kwa kuwa ndipo gari la Kiingereza lilipogeuka kuwa mali ya fundi wa Kitanzania.

Muundo wake ulilikubali geuzo hilo. Bodi ilikuwa ya vipande bapa vilivyofungwa kwa bolti, hivyo mlango au bawa la gari moja lilihamia jingine bila kuchomelewa. Springi zake zilikuwa mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na bamba lililovunjika lilibadilishwa peke yake au kuazimwa kutoka katika lori. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa ekseli za nyuma, vyuma vinavyopeleka nguvu kutoka difu, yaani sanduku la meno lililo katikati, hadi gurudumu la kila upande, navyo vilikatika hasa pale dereva alipoachia klachi ghafla akiwa na mzigo mlimani. Lakini ekseli iliyokatika iliweza kuchomolewa kando ya njia kwa kufungua bolti chache, na gari likaendelea kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele hadi gereji. Mafundi wa Karatu na Arusha walikata bushi kutoka katika mipira ya matairi makuukuu, waliunda gasketi kwa karatasi ngumu, na waliunganisha magari mawili au matatu yaliyokufa yakawa moja zima. Kazi hiyo huitwa kubahatisha na wasioijua. Kwa haki inapaswa kuitwa uhandisi, kwa sababu mtu hawezi kuamua ni kipuri gani kinaweza kuchukua nafasi ya kingine bila kuelewa nguvu zinazopita ndani yake.

Utalii uliporudi katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, ulirudi na gari jingine. Toyota ilikuwa imetoa Land Cruiser ya mfululizo wa 70 mwaka 1984, na tangu mwaka 1990 ikaitia injini ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, ambayo ilipanda kreta bila kuhema na kukaa miaka mingi bila kufunguliwa. Gereji za Arusha zilijifunza kuikata fremu yake na kuirefusha, kuongeza viti, na kuweka paa linaloinuka ili mgeni asimame na kutazama wanyama. Wakati huohuo mfumo wa kuacha gari ukingoni ulikufa, maana gari lilelile lililomchukua mgeni Arusha lilimfikisha hadi sakafuni, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa kwa msaada wa Japani, ikaifanya Karatu kuwa mji wa hoteli na vituo vya mafuta. Si kweli kwamba Toyota ilishinda kwa matangazo. Ilishinda kwa sababu ilikuwa gari bora kwa kazi hiyo, na anayeipenda 109 hana haja ya kulikana hilo.

Land Rover zilizoachwa na utalii hazikufa. Nyingi zilihamia katika njia ambazo mabasi hayakutaka kwenda, zikibeba abiria, magunia, mbuzi na mitungi kuelekea vijiji vya wafugaji vya Monduli, Longido na Ngorongoro, ndugu yao ya springi za koili iliyotoka mwaka 1983, na baadaye kuitwa Defender, ikabeba polisi hadi neno difenda likawa jina la gari lolote la askari, na mwaka 2011, wakati maelfu ya wagonjwa walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Land Rover kuukuu zilirudi barabarani kwa wingi pamoja na Land Cruiser, kwa sababu njia ya kupitia Engaruka na Ngaresero ilidai kilekile kilichodaiwa na ukuta wa kreta.

Mapenzi kwa magari yaliyopitwa hayapatikani Tanzania peke yake. Huko Marekani wapo wanaotunza kwa bidii Dodge Omni GLH, gari dogo la mlango wa nyuma unaofunguka juu, ambalo Carroll Shelby, dereva maarufu wa mashindano ya magari, alilitia nguvu katikati ya miaka ya 1980, na ambalo toleo lake la mwisho la mwaka 1986 liliundwa kwa idadi ya 500 tu. Nao hulipenda hasa kwa kuwa wapita njia hawakudhani kwamba boksi lile lina kasi. Mpenzi wa 109 anatofautiana nao kwa jambo moja kubwa: yeye halihifadhi gari ili liwe adimu, bali hulitumia, na kila anapolitengeneza huliongezea historia ambayo kiwanda hakikuwa nayo.

Dalili za heshima zimeanza kuonekana. Mwezi Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover kwa lengo la kuvunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, na magari ya kila umri yalitoka katika yadi na mashamba kwenda kupangwa foleni. Tamasha hata hivyo huhesabu magari, halihesabu ujuzi. Jumba la makumbusho la Olduvai, lililojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2017, linaonesha vizuri zana za mawe za watu walioishi huko kwa zaidi ya miaka milioni moja, na lingekuwa mahali panapostahili kuweka pia 109 moja iliyofunguliwa boneti, pamoja na ekseli iliyokatika, bushi ya mpira wa tairi, na sauti zilizorekodiwa za madereva wa kreta wakieleza, wangali hai, jinsi ya kukanyaga klachi mara mbili katika kona za mteremko.